Vifuniko Viwili

Shangazi yangu ametengeneza matanki ya maji ya faiba kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwachia mtu yeyote chupa zake mbili. Mumewe, Mungu amrehemu, hakuruhusiwa hata kuzipangusa vumbi. Binti yake alikua akizikwepa kama watoto wengine wanavyofundishwa kulikwepa jiko. Mimi niliruhusiwa kuzishika nikiwa na miaka arobaini na moja, baada ya kufundisha kemia darasani miaka kumi na minne. Nilizishika siku nne. Ninayotaka kusimulia ni ya siku ya tano.

Karakana yake ni banda la mabati nyuma ya duka la rangi. Ukiingia, harufu ya gundi inakukaba koo kabla hujasalimia. Kuna kalibu tatu za matanki, marobota ya nyuzi za faiba, meza yenye matone magumu ya miaka mingi, na zile chupa. Zote mbili ni za plastiki, za ukubwa mmoja, na vifuniko vyake ni vyeusi vinavyofanana. Moja ina dawa nyeupe, angavu kama maji ya kunywa, nayo hukaa kwenye sanduku la mchanga upande wa mlango. Nyingine ina dawa ya zambarau, nayo hukaa kwenye rafu ya ukuta wa mbali kabisa. Watu wa mtaa humwita Mama Faiba, naye huziita chupa zake Mgomvi na Mchochezi.

"Mgomvi ni huyu mweupe," aliniambia siku ya kwanza. "Mchochezi ni huyu wa zambarau. Usiwakutanishe wenyewe kwa wenyewe. Lazima gundi iwe katikati. Unatia zambarau kwenye gundi, unakoroga mpaka mkono uchoke, ndipo unamleta mweupe. Umesikia, mwalimu?"

Alipenda kuniita mwalimu kwa sauti ile ambayo watu humwitia bwana harusi aliyechelewa. Nilisikia. Tena nilimweleza kwa nini, maana mtu aliyesoma hawezi kunyamaza.

Elektroni katika vitu vingi hukaa mbili mbili, kama viatu. Dawa nyeupe ni molekuli yenye kiungo dhaifu katikati. Kikivunjika, zinatoka nusu mbili, na kila nusu inaondoka na elektroni moja isiyo na mwenzake. Nusu hiyo ndiyo radikali huru, na haina utulivu hata chembe. Inaivamia molekuli ya gundi iliyokaa zake, inajipatia mwenza pale, lakini inaiachia gundi upweke ule ule. Gundi nayo inamvamia jirani, jirani anamvamia jirani yake, mpaka unaundwa mnyororo wa maelfu na kilichokuwa kinamiminika kinakuwa kigumu cha kubeba lita elfu mbili. Mnyororo hauachi kukua mpaka ncha yake ikutane na ncha nyingine yenye upweke. Zikikutana zinashikana, elektroni mbili zinakuwa jozi, na ugomvi umekwisha. Kazi ya zambarau ni kukivunja kile kiungo cha katikati bila kusubiri moto.

"Ndiyo hayo hayo niliyokwambia," alisema Shangazi. "Ila wewe umetumia maneno mengi."

Akanionyesha mengine ambayo mimi nilikuwa nikiyaandika ubaoni bila kuyaona. Gundi ikishachanganywa hunyamaza dakika kumi na mbili kama haijaambiwa kitu, kwa sababu kiwandani huwekwa humo dawa ya kuzishika radikali za mwanzo, moja moja, mpaka yenyewe iishe. Yeye aliziita dakika za adabu. Na sehemu ya juu inayoguswa na hewa hubaki inanata, kwa sababu oksijeni ina elektroni mbili zisizo na wenza, nayo hudaka ncha za minyororo kabla hazijakua. "Hewa mdokozi," alisema, akafunika kazi yake kwa karatasi ya nailoni. Nilijisikia mjinga na nilifurahi, vyote kwa pamoja.

Kuhusu Mgomvi na Mchochezi kukutana bila gundi, hakufanya mzaha. Pale hakuna wa kuvamiwa ila nyeupe yenyewe. Inavunjana, joto linapanda, joto linavunja zaidi, gesi inatafuta pa kutokea, na mwisho ni mlipuko au moto. Fundi aliyemfundisha kazi alipoteza vidole viwili na jicho moja kwa kuchovya kijiko kimoja kwenye chupa zote mbili. Ndiyo maana Shangazi hakutumia kijiko. Alipima kila dawa kwa kifuniko chake yenyewe. Kifuniko cha nyeupe alikitoboa tundu dogo kwa sindano ya moto, ili chupa ipumue. Kile cha zambarau hakina tundu, na alikizungushia pete ya rangi nyekundu ya kucha.

Sasa niseme ukweli: sikwenda pale kujifunza faiba. Binti yake, dada yangu wa ukoo, ni muuguzi katika mji wa mbali, na alinipigia simu shule zilipofungwa.

"Kaka, mama haoni."

"Nani kakwambia?"

"Jana amenipigia simu ya video. Nimezungumza na kalenda dakika ishirini. Kalenda ya ukutani, kaka! Yeye anacheka, anadhani ananiangalia. Nikimuuliza macho anasema ni vumbi. Nenda ukakae naye, uniambie. Kama ni kweli, ile karakana tunaifunga, sitaki kuletewa mama yangu kwenye mfuko."

Basi nikaenda kama mwanafunzi, kumbe jasusi. Nilimhesabia makosa. Siku ya kwanza alipapasa ukingo wa meza kabla ya kuweka kopo. Siku ya pili alinipa pipa la gundi nimsomee lebo, akasema, "Macho yako yanafanya nini bure?" Siku ya tatu alimimina dawa akiwa ameinamisha sikio, anasikiliza kifuniko kinavyojaa. Kila alipozishika zile chupa mikono yangu ilikuwa inamfuata hewani kama ya mtu anayemlinda mtoto anayejifunza kutembea. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikawa najiambia. Nilikuwa na hasira naye. Nilimpenda, na kwa sababu hiyo nilikuwa na hasira zaidi.

Siku ya nne jioni tulimalizia mdomo wa tanki la mwisho. Nilichanganya mimi mwenyewe, naye akasimama pembeni akinusa. Nilipomaliza kupima, mteja mmoja mbishi alimwita getini kuulizia tanki lake, wakabishana sana. Nikaamua nimfurahishe. Nikasafisha meza, nikaosha brashi, nikapangusa chupa zote mbili mpaka zikang'aa, nikarudisha kila moja mahali pake. Aliporudi akapitisha kiganja juu ya meza. "Mwalimu," akasema, "leo umekuwa mtu." Nilikwenda nyumbani nimevimba kichwa.

Asubuhi ya tano nilichelewa. Karakana ilikuwa wazi, Shangazi hayupo. Muuza rangi alichungulia kwa mlango wa nyuma.

"Mama Faiba katoka na pikipiki," alisema. "Tanki la kiwanda cha kufua nguo limepasuka tena, anakwenda kuliziba. Kabeba ule mfuko wake."

Alishanieleza anavyofanya asubuhi kama hizo. Huwa na kopo la gundi aliyokwisha kuikoroga na zambarau siku za nyuma, basi hubeba hilo na chupa ya nyeupe tu, akaimalizie huko huko. Zambarau ingebaki nyumbani, hiyo ndiyo ilikuwa kanuni. Nikageuka kuitazama rafu ya ukuta wa mbali, bila sababu, kwa mazoea ya jasusi.

Chupa ya zambarau ilikuwepo. Kifuniko chake hakikuwa na pete nyekundu. Nikasogea. Katikati yake palikuwa na tundu dogo la sindano.

Kama kifuniko cha nyeupe kiko hapa, basi kile chenye pete nyekundu, ambacho ndani kimepakwa zambarau ya miaka mingi, kiko juu ya chupa ya nyeupe. Ikisimama wima haina neno, dawa haigusi kifuniko. Lakini sasa imelala ndani ya mfuko, juu ya pikipiki, kwenye barabara yenye mashimo, inatikiswa na kuosha kile kifuniko kwa kila shimo. Na kifuniko chenyewe hakina tundu la kupumulia.

"Macho!" nikapiga kelele. "Si nilisema!" Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Nikampigia simu. Ikaita nyuma yangu, juu ya robota la nyuzi.

Nikakimbia. Pikipiki pale kijiweni huwa ni moja, na ndiyo iliyombeba. Kutoka karakana hadi kiwandani ni kilomita mbili na ushei, na mimi ni mtu wa kusimama ubaoni. Kufikia kona ya kwanza kifua kilikuwa kinanichoma. Watu walinipisha wakidhani nafukuzwa, mmoja akauliza, "Mwizi yuko wapi?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Nilikuwa namwona ndani ya lile tanki. Huwa anaingia kwa ngazi kupitia mdomo wa juu, kisha anashushiwa mfuko kwa kamba, na humo ndani ni yeye, taa ya kichwani, na chupa pembeni ya goti. Niliona nusu moja ikiachana na nusu yake. Darasani huwa nachora mshale mdogo na watoto wanapiga miayo. Sasa kila mshale ulikuwa unazaa joto, na joto linazaa mishale, na hakuna gundi humo ya kuwapa wagomvi hao pa kushika. Nilianza kutunga maneno ya kumwambia dada yangu. Niliyatunga yote, mpaka ya kwenye simu, mpaka ya kaburini, na katika maneno hayo yote mimi nilikuwa nimeonya na sikusikilizwa. Naona aibu kuliandika hili lakini ndivyo ilivyokuwa.

Getini mlinzi akaninyooshea daftari.

"Jina, namba ya simu, na unakwenda kumwona nani."

"Kuna mama ndani ya tanki!"

"Najua. Andika kwanza, mzee."

"Nifungulie! Chupa yake italipuka!"

Akanitazama kwa makini kidogo, lakini mkono wake haukutoka kwenye komeo. "Sikiliza, kaka. Nimeambiwa nisimwingize mtu uani hata awe nani."

"Nani kakwambia?"

"Huyo huyo mama."

Sikuelewa. Nilikuwa nimeshika vyuma vya geti kwa mikono miwili, nikijaribu kuelewa, ndipo mshindo ukatoka uani. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mlango wa bati uliobamizwa na upepo, kisha kitu kidogo kikagonga paa na kuteremka kikibiringika. Mlinzi aliruka. Mimi nikajikuta nimekaa chini kwenye vumbi, na nilisikia sauti ikimwita Shangazi, sauti ya mtoto, kumbe ni yangu.

Mlinzi ndiye aliyefungua na kuniinua.

Uani tanki lilikuwa limesimama zima, ngazi imeegemea. Mbali nalo, katikati ya uwanja mtupu, ndoo kubwa ya maji ilikuwa imeanguka na kupasuka ubavu, inatoa mvuke mwembamba. Na nyuma ya ukuta wa chumba cha mashine, wafuaji nguo sita walikuwa wamejibanza, na mbele yao, juu ya kreti lililopinduliwa, amekaa Shangazi yangu na glavu zake mapajani.

"Unahema kama umeiba," alisema. "Kaa."

Sikukaa. Nilimkumbatia, kitu ambacho hatukuwahi kufanya tangu nikiwa mtoto, naye akanivumilia kidogo kisha akanisukuma. Mmoja wa wafuaji akaokota kile kilichoanguka kutoka paani akamletea. Alikipokea, akapitisha kidole gumba katikati.

"Hakina tundu," akasema. "Nilikuwa nimeshaingia ndani. Nikashushiwa mfuko, nikaingiza mkono, chupa ina joto kama mtoto mwenye homa. Nikaibonyeza bega, ngumu kama mpira. Nikagusa kifuniko, hakina tundu. Ngazi ile ina vidato saba, mwalimu. Nimevipanda na chupa mkononi, kimoja kimoja nikivihesabu, nikaizamisha kwenye ndoo ya maji pale uwanjani, nikasema asiingie mtu."

Hapo hofu yangu yote ikageuka ukali. Nilisema mbele ya wale wafuaji. Nilisema kuhusu kalenda, kuhusu kupapasa meza, kuhusu lebo ya pipa, kwamba haoni, kwamba ni mkaidi, kwamba amebadilisha vifuniko kwa sababu haoni, kwamba leo leo nampigia binti yake na karakana inafungwa. Yeye alinisikiliza ameinamisha kichwa, sikio upande wangu, kama anavyosikiliza dawa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Jana jioni nilipoitwa getini, nani alifunika chupa?"

Niliiona meza. Nilijiona na kitambaa, nimefungua chupa zote mbili kwa pamoja ili nipanguse shingo zake vizuri, vifuniko viwili vyeusi vimelala mbele yangu kifudifudi, nami nimegeuza shingo kuusikiliza ule ubishi wa getini na ninacheka. Nilikuwa na macho mawili mazima. Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa na shahada.

"Mimi," nikasema.

"Haya."

Wafuaji walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa heshima, kama watu wanaotoka msibani. Nilikaa chini kando ya kreti. Shangazi akaanza kuzikunja glavu zake.

"Niliogopa," akasema polepole. "Pale kwenye kidato cha nne niliogopa sana. Na usijibebeshe peke yako. Ile pete nyekundu niliipaka mimi. Asubuhi nimeitia chupa kwenye mfuko nikiwa nimeitazama hivi. Sikuona nyekundu. Mwaka wa pili sasa, nyekundu, zambarau, nyeusi, zote naona maji ya chai. Daktari alisema ni mtoto wa jicho." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nimezaa mmoja tu, na huyu wa jicho sikumwomba."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mngefunga. Nikae nifanye nini, nihesabu mabati?"

Nilimpigia dada yangu pale pale, nikiwa bado chini. Nilimweleza macho ya mama yake, kisha nikamweleza vifuniko. Yeye akasema, "Basi mmeponea kwa kidole chake," akaanza kulia, na Shangazi akaninyang'anya simu akamwambia aache, kuna watu hawana maji ya kufulia.

Ni kweli, hawakuwa nayo. Ule ufa ulizibwa mchana ule ule. Nilirudi karakana kuchukua chupa mpya ya nyeupe, ambayo Shangazi alishakitoboa kifuniko chake tangu alipoinunua, nikaibeba wima kifuani njia nzima, kwa miguu, nikikataa kupanda chochote. Kabla hajaifungua, Shangazi alinikamata mkono.

"Wewe una macho, mimi nina kidole, na tumeona kila mtu peke yake anafika wapi," alisema. "Tangu leo hafungui mtu wala hafungi mtu mpaka wote wawili tuseme. Rangi?"

"Nyeusi tupu. Haina nyekundu."

Akapitisha kidole gumba. "Tundu lipo. Fungua."

Tulifanya hivyo likizo nzima, na kila Jumamosi iliyofuata, hata kwa kopo la rangi lisilo na hatari yoyote. Wateja walitucheka. Miezi mitano baadaye dada yangu alimchukua akafanyiwa upasuaji, jicho moja kisha la pili, naye alirudi akishangaa jinsi nilivyozeeka. Alisoma lebo zote za karakana kwa sauti. Alisoma mpaka tarehe za ile kalenda.

Jumamosi hiyo tulipima gundi ya tanki la kwanza. Nikaishika chupa ya zambarau, naye akaniwahi.

"Rangi?"

"Shangazi," nikamwambia, "si sasa unaona?"

"Mimi naona," alisema. "Nauliza kama wewe unaona."